Herufi Zilizopotea Njiani

Wahenga walinena, "Usione vyaelea, vimeundwa." Msemo huu aghalabu huelekezwa kwa vyombo vya majini, nasi wa kando ya Ziwa Viktoria tunauelewa vema tukiitazama mitumbwi ya wavuvi. Lakini unafaa pia kwa herufi. Msomaji hufungua kitabu akaziona a, e, i, o, u zimetulia mahali pake, akadhani zilizaliwa hapo. Kumbe kila herufi imebebwa na mtu, na mara nyingine hupotea njiani kabla ya kumfikia yeye. Nataka kueleza kwa ufupi historia ya kubebwa huko, hadi kulifikia tatizo linalowasumbua watu siku hizi katika steshenari zetu: faili linalogoma kuonyesha herufi zake.

Tuanzie pwani. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, wenye tarehe ya mwaka 1728, uliandikwa hivyo. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Basi alama moja ilibidi itumikie i na e, na nyingine itumikie u na o. Aliyeijua lugha hakusumbuka, maana sikio lake lilikwisha kulijua neno. Mgeni ndiye aliyepotea. Tangu hapo ilionekana kwamba maandishi yanahitaji ufunguo, na ufunguo ukikaa kichwani mwa msomaji peke yake, maandishi hayawezi kwenda mbali.

Mwaka 1864 Edward Steere alifika Zanzibar pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA, na katika miaka iliyofuata alisimamia kazi ya kupiga chapa vitabu vya Kiswahili kwa herufi za risasi. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini, na vipande vyote vilikaa katika sanduku lenye vyumba vyumba. Mpanga herufi alivichomoa kimoja kimoja, akaunda neno, kisha mstari, kisha ukurasa. Sauti isiyokuwa na kipande chake sandukuni haikuweza kuchapwa, hata kama mamilioni ya watu waliitamka kila siku.

Jambo hilo lilionekana wazi pale lugha zetu zilipotafutiwa mwandiko mmoja. Taasisi ya lugha na tamaduni za Afrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi za pekee kwa ajili ya lugha za Kiafrika, mojawapo ikiwa ŋ. Kwa upande wetu, Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kiswahili sanifu kikakaa na ng' badala ya ŋ. Faida yake ilikuwa dhahiri: n, g na kile kialama cha juu zilipatikana katika kila sanduku la mpiga chapa na katika kila taipureta. Ng'ombe wa Kiswahili aliweza kuchapwa popote duniani.

Lugha nyingine hazikuwa na bahati hiyo. Kisukuma, lugha ya kabila kubwa kuliko yote nchini, kina irabu saba. Anayetaka kuzitenganisha zote huweka kiwimbi juu ya i na u, yaani ĩ na ũ, kama wafanyavyo Wakikuyu wa Kenya. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, lina mizigo hiyo yote mitatu: ũ, ĩ na ng'. Ni mara ngapi tumeliona magazetini bila viwimbi vyake! Katika chuo cha ualimu nilikofundisha, karani alipiga stensili kwa taipureta, kisha sisi tukachora viwimbi kwa kalamu ya chuma kabla ya kuzungusha mashine. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini herufi zilitoka.

Ikaja kompyuta. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kila herufi hupewa namba yake, na fonti ndiyo hueleza namba hiyo ichorwe kwa umbo gani. Mpangilio ulioenea Ulaya Magharibi na Marekani ulikuwa na nafasi 256 tu, na si zote zilizokuwa za herufi. Humo ã na õ za Kireno zilipata kiti, na ñ ya Kihispania pia, lakini ĩ na ũ hazikupata. Watu wakatafuta njia ya mkato. Walichukua nafasi ya herufi wasiyoihitaji, mathalani û ya Kifaransa, wakachora ũ juu yake ndani ya fonti yao wenyewe. Kwenye mashine yao kila kitu kilipendeza. Faili lilipohamia mashine nyingine isiyo na fonti ile, Mfaransa akarudi kwenye kiti chake.

Tiba mbili zilipatikana karibu wakati mmoja. Mwaka 1991 ulitoka mpango wa Unicode, unaokusudia kuipa kila herufi ya dunia namba yake isiyobadilika, na ĩ na ũ zimo. Mwaka 1993 kampuni ya Adobe ilitoa faili la aina ya PDF, ambalo liliweza kubeba fonti ndani yake kama msafiri abebavyo chakula chake. Mwanzoni zilikuwapo fonti 14 ambazo kila programu ya kusomea ilitarajiwa kuwa nazo, kwa hiyo waandishi wengi hawakujishughulisha kuzipachika. Kwa Mwingereza haikuwa shida. Kwetu ilikuwa shida, maana fonti hizo hazikuwa na ĩ wala ũ. Mwaka 2005 ukawekwa utaratibu wa kimataifa wa PDF za kuhifadhi kumbukumbu, nao unataka fonti zote zinazotumika zipachikwe ndani.

Hata hivyo, chakula cha safari huweza kuharibika njiani. Fonti ni kama kitabu chenye orodha ya yaliyomo: mwanzoni hutaja majedwali yake, kila moja linaanzia wapi na lina urefu gani. Jedwali moja hulinganisha namba na maumbo, jingine lina michoro yenyewe, jingine upana wa kila herufi. Faili likikatika linapopakuliwa, au programu ya kulipunguza uzito ikiikata fonti vibaya, orodha husema "nenda ukurasa wa 90" wakati kitabu kimeishia ukurasa wa 60. Hapo programu hutangaza kwamba imeshindwa kuisoma fonti iliyopachikwa, ikaazima nyingine.

Miaka michache iliyopita, sisi wastaafu wachache wa hapa Mkolani tulikusanya majina ya Kisukuma ya miti na matumizi yake, tukayapeleka kuchapwa mjini. Waliopokea faili walilipunguza ukubwa kabla ya kulichapa. Nakala zilirudi zikiwa na vijisanduku vitupu kila palipokuwa na ĩ au ũ. Mmoja wa wazee waliotutajia majina hayo alikuwa amekwisha kufariki. Kitabu hicho kingesambazwa hivyo, mjukuu wake angeukuta mti wa babu yake ukiwa na jina lisilotamkika, wala pasingekuwa na wa kumwuliza. Bahati njema daftari la mkono lilikuwapo, na faili la awali lilikuwapo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu hapo nimejifunza kuzitofautisha dalili, kama mganga atofautishavyo homa. Vijisanduku vikitokea, fonti inayotumika haina umbo la herufi hiyo. Neno ng'ombe likigeuka kuwa ngâ€™ombe, fonti haina kosa; namba ndizo zilizosomwa kwa mpangilio usio wake. Ukurasa ukionekana vizuri lakini ukinakili maneno yakawa takataka, basi faili limekosa ramani ya kurudisha maumbo kwenye herufi zake, na hakuna atakayeweza kutafuta neno ndani yake. Programu ikilalamika kwamba haiwezi kuitoa fonti, fonti yenyewe imeharibika.

Mahali pa kuanzia uchunguzi ni kwenye maelezo ya faili, penye orodha ya fonti, na pembeni yake pameandikwa kama kila moja imepachikwa au la. Kama haimo, au imeharibika, usihangaike kuliganga faili bovu. Rudi kwenye andiko la awali, hakikisha limeandikwa kwa Unicode, chagua fonti yenye herufi zote na inayoruhusu kupachikwa, kisha tengeneza PDF upya. Zipo fonti ambazo wenyewe wamezifunga zisipachikwe; hizo ziache. Ikiwa haraka imekubana, mpiga chapa aweza kuuchapa ukurasa kama picha kutoka mashine inayouonyesha sawasawa. Karatasi itasomeka, lakini faili litabaki bovu vilevile.

Wako watakaosema haya ni mambo ya mafundi. Sikubaliani nao. Steere aliyekuja na Biblia mkononi ilimbidi ashughulike na vipande vya risasi, na mwalimu wa stensili ilimbidi ashike kalamu ya chuma. Lugha kubwa za dunia zimekwisha kubebewa mizigo yao na wenye viwanda. Za kwetu bado hubebwa na mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na andiko la lugha ya nyumbani, usiondoke kwa mpiga chapa kabla hajakutolea ukurasa mmoja wa majaribio. Mpe mzee anayeijua lugha hiyo, akusomee kwa sauti, nawe usikilize.