Banda la mbao na udongo wa Ulaya

Juzi nilikwenda benki moja hapa Arusha kuulizia mkopo wa kujenga. Kiwanja ninacho, kule Tengeru. Nikamweleza dada wa mikopo kuwa msingi utakuwa wa mawe, kuta zote za mbao. Akaniangalia weee, kisha akauliza: "Sasa kaka, unajenga nyumba au banda?"

Nilitoka nikicheka, lakini swali halijaniacha. Hivi sisi watu wa chini ya Mlima Meru tulianza lini kuita mbao banda?

Mababu walijenga kwa kile mlima ulichotoa: nguzo za miti, fito, paa la nyasi au majani makavu ya migomba. Ndani palikuwa na joto (mnaoijua baridi ya Julai hapa mtanielewa). Wajerumani wakaja, na kufikia mwaka 1900 walikuwa wamesimamisha Boma lao la kuta nene kwa nguvu za watu wetu. Leo ni makumbusho, wala halijatikisika. Serikali ikawa jiwe, mwananchi akabaki fito.

Halafu ikaja Novemba 1951. Waingereza waliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na nyumba zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kudai ardhi ile. Mtu aliyeona nyumba yake ikiwa majivu kabla ya jua kuzama, utamlaumu akitaka mwanawe ajenge kwa tofali? Mimi simlaumu.

Nyerere alilishangaa jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, alitusema vikali kwa uteja wetu wa saruji na bati. Saruji kwake ilikuwa udongo tu, ila wa Ulaya. Tusimsingizie lakini: alikuwa akitetea tofali za kuchoma na vigae, si mbao.

Sasa nenda Olmotonyi, mbele kidogo ya Ngaramtoni. Kuna chuo cha misitu na shamba la serikali la misindano na misaiprasi. Halafu rudi mjini utazame kazi ya mbao kwenye majengo: zinashika zege, likikauka zinang'olewa. Zikibahatika zinakuwa kenchi, zinafichwa chini ya bati.

Wenzetu wanazigundisha mbao tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikingama na mwenzake, hadi zinabeba ghorofa. Boriti nene ikipata moto huungua nje, na mkaa ule hukinga kiini. Mjini Milwaukee, Marekani, jengo la ghorofa 25 la namna hiyo, juu ya msingi na ghorofa za chini za zege, lilikamilika mwaka 2022. Mwaka huohuo ulitangazwa mpango wa mnara wa mita 96 huko Fumba, Unguja. Mnara ni mpango, ila nyumba za kawaida za mbao zilizoandaliwa kiwandani zipo Fumba, na watu wanalala humo.

Mchwa? Ndiyo, wapo. Ndiyo maana ya msingi wa mawe na mbao zilizotiwa dawa, na seremala wangu ameshanipigia hesabu. Jumatatu narudi kwa yule dada na picha za Fumba mkononi.