UZI: "Ana hati" na "babu yangu kazikwa hapa." Nani ana haki?

1/ Mijadala ya ardhi hapa Pwani huisha vile vile. Mmoja asema, "Mwenye hati ndiye mwenye mali." Wa pili ajibu, "Babu yangu kazikwa hapa, minazi hii kaipanda yeye." Yule wa kwanza acheka: "Hizo ni hisia bwana, lete sheria." Juzi nimeyasikia tena kwa muuza kahawa hapa Mbaraki. Sasa nauliza: nani alituambia moja ni haki na nyingine ni hisia tu?

2/ Tutoke nje kidogo, tutarudi nyumbani. Mwaka 1932 Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alitoa kitabu kuhusu jinsi watoto wanavyopima mema na mabaya. Aliwaangalia wakicheza gololi. Wadogo waliona sheria za mchezo zimetoka kwa wakubwa, hazigusiki. Waliokua kidogo walisema zinaweza kubadilishwa, bora wachezaji wote wakubali. Shika hilo la gololi.

3/ Mwaka 1958 Lawrence Kohlberg aliwauliza wavulana wa Chicago: mke yuko mahututi, dawa ipo, mwenye dawa ataka bei ya kuumiza, mume hana. Aibe? Alichopima ni sababu, si jibu. Akapanga ngazi 6:
1 kuogopa adhabu
2 nipe nikupe
3 kuwa mtu mwema kwa watu wako
4 kulinda sheria na utaratibu
5 kuuliza kama sheria yenyewe ni ya haki, na nani aliikubali
6 kanuni zinazomgusa kila binadamu

4/ Umeona mtego? "Babu yangu kazikwa hapa" husomwa haraka haraka kama ngazi ya 3. "Ana hati" ni ya 4. Kwa mizani hiyo mwenye hati amekomaa zaidi, na ile dharau ya pale kahawani yapata vazi la elimu.

5/ Mizani hii ililetwa Kenya. Mwaka 1975 Mmarekani Carolyn Edwards alichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi wa chuo kikuu na viongozi wa jamii. Wanafunzi walitumia zaidi hoja za ngazi ya 4, viongozi wakabaki zaidi kwenye ya 3. Kwani kijana wa chuo aijua haki kumshinda mzee aliyeamua kesi maisha yake yote? Mimi mwenyewe ni wa chuo na siwezi kusema hivyo mbele ya nyanya yangu.

6/ Edwards naye hakusema hivyo. Alieleza kuwa ngazi ya 3 yafaa mahali watu wanajuana: kesi ikiisha, kesho mtakutana kisimani. Ya 4 yafaa mahali pa mahakama, ofisi na watu wasiojuana. Mwaka 1981 yeye, Sara Harkness na Charles Super walichapisha utafiti wa Wakipsigis. Wazee walioitwa kusuluhisha ugomvi walipimwa juu kuliko wanaume wengine wa hapo hapo. Yaani mzee wa baraza hakubaki nyuma. Kakomaa kwa kazi aliyopewa na watu wake.

7/ Turudi nyumbani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa Pwani. Mwenye dai alipeleke kwa maandishi, lisajiliwe. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Fikiria mtu ambaye ushahidi wake ni mnazi, kaburi na neno la wazee. Hakushindwa kesi. Alichoshika mkononi hakikuhesabiwa kuwa ushahidi.

8/ Oktoba 1963, ukanda huu ulipokuwa unaunganishwa na Kenya, serikali za Kenya na Zanzibar ziliandikiana barua: hati zilizokwisha kusajiliwa zitaendelea kutambuliwa. Ndiyo maana mpaka leo Mombasa mtu aweza kumiliki nyumba lakini si kiwanja, alipe kodi ya ardhi mwaka nenda mwaka rudi.

9/ Sasa zile gololi. Anayesema "lete sheria" na kuishia hapo anafanana na yule mtoto mdogo: sheria imeshuka tu. Mjukuu wa kaburi akiuliza "ilitungwa na nani, babu yangu alikuwa wapi?" ashafika ngazi ya 5, kwa mizani ile ile iliyotumika kumcheka.

10/ Lakini tusidanganyane. Yuko aliyenunua kiwanja kwa jasho lake, bila kumdhulumu mtu. Naye ana haki. Na familia mbili zikidai mwembe mmoja, kaburi peke yake haliamui, karatasi yahitajika. Katiba ya 2010 yabeba yote mawili: kifungu cha 40 chalinda mali, cha 67 chaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria.

11/ Kwa hiyo mtu akipanda jukwaani na kupiga kelele "haki ya ardhi!", muulize: haki ya nani, kwa ushahidi gani, na sheria iliyotungwa na nani? Akijibu moja tu, mwambie amalize. Na ukisikia mzee ataja kaburi, usicheke. Huo ni ushahidi wake, na mwaka 1908 hakuna aliyetaka kuusikia.