Kufukuza si Kufukuzia

Mtoto anayelinda shamba la mpunga bondeni Kilombero hufukuza ndege. Hushinda juu ya dungu akipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo, na Kiswahili kina kitenzi mahususi cha kazi hiyo: kuamia. Siku yake huwa njema ndege wasipotua. Mtu anayeomba ruhusa kazini ghafla na kuendesha gari usiku kucha ili amwone ndege mmoja aliyepotea njia ni kiumbe mwingine kabisa. Waingereza humwita "twitcher". Mfasiri akimwita "mfukuza ndege" atakuwa amempandisha dunguni.

Neno hilo la Kiingereza humaanisha mtu anayetetemeka au kushtukashtuka. Husimuliwa kwamba lilizaliwa miaka ya 1950 kwa sababu ya Howard Medhurst, mpenzi wa ndege aliyekuwa akipakiwa nyuma ya pikipiki ya rafikiye. Baada ya safari ndefu katika baridi alishuka akitetemeka, na wenzake wakalifanya tetemeko lile kuwa jina la wote wenye uraibu huo. Kulifasiri neno kwa neno hakusaidii: anayetetemeka, kwa Mswahili, ana homa au amepandwa na pepo.

Dawa ni irabu moja. Kufukuza ni kumwondosha mtu au mnyama. Kufukuzia ni kuandama unachokitaka, huku ukijua kwamba kinaweza kukuponyoka. Kurasa za michezo zimekizoea kitenzi hiki: timu hufukuzia ubingwa. Vijana nao hufukuzia kazi na tenda. Kwa hiyo mfukuzia ndege, na shughuli yenyewe ufukuziaji ndege. Ni istilahi inayoeleweka bila maelezo, na hiyo ni sifa ambayo istilahi nyingi za vitabuni hazina.

Ila si kila mtazamaji ndege ni mfukuzia. Mgeni anayeingia Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, kumtafuta bundi mdogo wa msitu ule anamtafuta ndege adimu aliye nyumbani kwake. Akimkosa leo, kesho atarudi na mwongozaji wake. Mfukuzia humwandama ndege mpotevu, aliyetupwa na dhoruba au aliyekosea mwelekeo wakati wa kuhama, na ambaye huenda akaondoka kabla ya jua kuchwa.

Mfano mkubwa ni wa Larkfield, katika jimbo la Kent. Mwanzoni mwa 1989 alionekana huko kidege wa Amerika Kaskazini mwenye uzito wa gramu kama kumi na madoa ya dhahabu mabawani, ambaye Waingereza humwita "Golden-winged Warbler". Hakuwahi kuthibitishwa Uingereza kabla ya hapo. Maelfu ya watu walifurika kwenye maegesho ya duka la Tesco na mitaa ya jirani, darubini shingoni, wakigombea kumwona kiumbe anayeenea kiganjani. Alikaa hadi Aprili. Furaha ya wafukuzia haijapata kuwa na umati kama ule nchini humo.

Upande wa pili wa shughuli hii Waingereza huuita "dip": kufika na kukuta ndege kaondoka. Hapa Kiswahili hakihitaji kubuni chochote. Ni kuambulia patupu, na "patupu" inasema jambo lenyewe hasa, maana ngeli ya pa- huonyesha mahali. Tawi lipo, uzio upo, watu wapo na kamera zao. Pale alipokuwa ndege ndipo patupu.

Juni 2013, katika kisiwa cha Harris huko Scotland, hata waliowahi walipata machungu. Ndege wa jamii ya teleka, anayezaliana Asia na ambaye Waingereza walikuwa hawajamwona nchini mwao kwa miaka 22, alikuwa akikata anga mbele ya makumi ya wafukuzia waliosafiri mbali kumfuata. Walimtazama kwa darubini mpaka alipogongwa na panga la mtambo wa umeme wa upepo, akaanguka amekufa. Hao hawakuambulia patupu, kwa kuwa walimwona. Aliyekuwa bado anasubiri feri siku ile ndiye mwenye haki na neno hilo.