Chokaa Kabla ya Masika

Katika mwezi wa Julai kila mwaka, watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, hujenga kibanda cha makuti kwa nia ya kukichoma moto. Wanaume wakishatandikana kwa migomba na ugomvi wa mwaka mzima ukaishia hapo, kibanda hutiwa moto, na mwaka mpya huhesabiwa umeingia. Hiyo ndiyo sherehe ya Mwaka Kogwa. Mwaka wake ni wa jua, wenye asili ya Nairuzi ya Uajemi, nao una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku tano za nyongeza zinazoitwa gatha. Kwa hesabu ya miongo mkulima alijua lini ateremshe mbegu, na nahodha alijua lini atweke tanga.

Mwenye nyumba naye alikuwa na miadi yake na majira. Katika mwambao wote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, nyumba ilihudumiwa kama shamba linavyohudumiwa, kila msimu na kazi yake.

Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ni miezi ya jua kali na ukavu, na ndiyo iliyofaa kwa kuezeka, kukandika na kupaka chokaa. Masika yakipiga kati ya Machi na Mei, kazi ilikuwa kutazama: wapi panavuja, ukuta upi umelowa, mlizamu upi umeziba. Kusi likishika na mawingu yakapungua, yaliyoharibika yalitengenezwa kabla vuli haijarudi na mvua zake mwishoni mwa mwaka. Mji wa Zanzibar hupata kwa wastani zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hushuka katika miezi michache tu. Aliyechelewa wiki mbili kupandisha makuti mapya alilala na sufuria chini ya kila tundu.

Kwa nyumba ya udongo, huduma hii haikuwa na ubishi. Nguzo zilisimamishwa, fito zikafungwa kwa kamba za makumbi, udongo ukashindiliwa katikati hadi kiambaza kikasimama. Mvua ilikila kiambaza kutoka chini, pale matone ya paa yanaporuka kutoka ardhini na kuupiga ukuta, kwa hiyo kila baada ya masika sehemu ya chini ilikandikwa upya. Makuti ya viungo, yaliyosukwa na wanawake na kuanikwa hadi yakakauka, yalidumu miaka michache, kisha paa likaezuliwa na kuezekwa tena. Hakuna aliyeiita hasara. Paa la makuti lilijulikana lina umri wake, kama nguo.

Kinachosahaulika ni kwamba nyumba ya mawe nayo ilijengwa kwa imani hiyohiyo.

Anayepita leo kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar huziona kuta zenye unene wa nusu mita na zaidi, akadhani zimejengwa zisihitaji mkono wa mtu tena. Waashi waliozijenga hawakudhani hivyo. Jiwe lenyewe ni tumbawe, jiwe la bahari ya kale lililochimbwa ardhini, jepesi na lenye vitundu. Liliunganishwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Chokaa nayo ilitokana na mawe hayohayo: magogo yalipangwa kwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, tanuu likawashwa, na kilichobaki kikazimwa kwa maji na kuachwa kiive kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi, mradi tu ngozi yake ya nje, yaani lipu ya chokaa, iwe nzima. Ngozi hiyo huchakaa, na ndiyo maana kuta zilipakwa chokaa tena na tena. Mara nyingi kazi hiyo iliangukia kabla ya Ramadhani, kabla ya Idi, au nyumba ilipokuwa na arusi, na hivyo fahari ya sikukuu ikabeba bila kelele mzigo wa matengenezo.

Juu ya kuta kulikuwa na boriti za mkoko. Mti huo ni mgumu, haupendwi sana na wadudu, lakini urefu wake unaotumika una mpaka, na mpaka huo ndio uliopima vyumba vya pwani: virefu, vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Juu ya boriti zilipangwa kokoto za matumbawe, zikamwagiwa chokaa, ndipo ikaja kazi ya kupiga sakafu. Watu wengi walijipanga mistari wakiwa na vipande vya mbao mikononi, wakaipiga chokaa mbichi siku kadhaa mfululizo kwa nyimbo na ngoma, hadi ikashikana na kuwa ngumu. Katika karne ya 19 wengi wa waliobeba mawe na kupiga sakafu hizo walikuwa watumwa, na fahari ya majumba ya Unguja haiwezi kusimuliwa bila wao.

Dari bapa la namna hiyo lilifaa katika nchi kavu za Arabuni lilikotoka. Kwenye mvua za Unguja lilipasuka, nyufa zikaingiza maji, na maji yakafuata njia hadi kwenye ncha za boriti zilizofichwa ndani ya ukuta. Hapo ndipo ugonjwa mkubwa wa nyumba ya mawe unapoanzia: ncha huoza gizani wakati katikati ya boriti inaonekana imara, na mwenye nyumba hapati habari mpaka sakafu imeinama. Mabati yalipoanza kufika kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 19, wengi waliinua mapaa ya mgongo juu ya madari yao ya zamani. Mandhari ya mapaa yenye kutu ambayo wageni huipiga picha kutoka hotelini ilianza kama dawa ya kuzuia uvujaji.

Boriti zilizooza zilihitaji kubadilishwa, na miti hiyohiyo ilikuwa pia bidhaa ya biashara iliyovuka bahari. Majahazi ya Ghuba ya Uajemi yaliteremka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakasubiri upepo ugeuke, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni miti ya mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Baharia na mwandishi Alan Villiers, kutoka Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akashuhudia mabaharia wakipakia boriti ndani ya matope ya Rufiji, kazi aliyoiona kuwa ya mateso. Miti hiyo iliezeka nyumba za Kuwait na Bahrain, ambako nako upana wa chumba uliamuliwa na mkoko wa Afrika Mashariki. Baadaye mafuta yalileta saruji na nondo huko Ghuba. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi ili kuinusuru mikoko, na bandari ya Lamu ikapoteza mojawapo ya biashara zake kongwe.

Lakini chokaa na boriti havijinunui. Nyuma ya ukuta uliopakwa kila mwaka palikuwa na mpango wa fedha, na mpango uliodumu zaidi kuliko yote ni wakfu. Tajiri aliifunga nyumba au maduka kwa ajili ya msikiti, maskini au kizazi chake, na pato la mali hiyo halikugawiwa ovyo. Mafundisho ya mafakihi yanataka matengenezo ya mali ya wakfu yatangulizwe, kisha wanufaika ndipo wapate fungu lao. Kwa maneno mengine, paa lilikuwa na haki yake kabla ya mjukuu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa chini ya utaratibu huo, na mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Waingereza uliunda tume ya kuzisimamia.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha mwenye ufunguo. Familia nyingi za wenye nyumba zilikimbia, majumba mengi yakawa mali ya serikali, na wapangaji wapya, wengi wao kutoka mashamba na Pemba, wakapewa vyumba humo. Jumba la familia moja likawa makazi ya familia tano au sita, kila moja na jiko lake na ndoo zake za maji ghorofani. Kodi iliwekwa chini ili mtu wa kawaida aimudu, nayo haikutosha kununua hata chokaa. Mpangaji hakuwa na sababu ya kutengeneza paa lisilo lake, na serikali haikuwa na fungu la kutengeneza mapaa yote.

Hesabu ilikuja baadaye. Mwaka 1982 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliupima mji na kutoa tahadhari. Mwaka 1985 ikaanzishwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Uchunguzi wa mwaka 1992 na 1993 ulipita majengo 1,709 na kukuta kwamba takribani asilimia 75 yalikuwa yanachakaa. Mwaka 2000 mji huo uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka mmoja kabla ya Lamu.

Wakati huohuo dawa mpya ilikuwa ikizidisha ugonjwa. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na cha Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji ilikuwa karibu, ilikauka upesi na ilionekana ya kisasa kuliko tanuu la chokaa. Fundi aliyeitwa kuziba ufa aliupiga ukuta wa zamani lipu ya saruji, na kwa mwaka mmoja au miwili ulipendeza. Lakini saruji haipumui. Unyevu uliokuwa ukitoka nje ulifungiwa ndani, chumvi ikasukuma lipu ikabanduka kwa mabamba, na ncha za boriti zikaloa daima. Ilibidi mafundi wafundishwe tena kuzima chokaa. Ukarabati wa Zahanati ya Zamani katika barabara ya Mizingani miaka ya 1990, uliofanywa na taasisi ya Aga Khan, ulikuwa pia darasa la ufundi kwa vijana ambao babu zao pengine walizaliwa katika kazi hiyo.

Mfano mchungu zaidi ni jumba la Beit al-Ajaib, hukohuko Mji Mkongwe. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, likaponea mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyobomoa kasri la jirani yake, na baadaye likawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati mafundi wakiwa ndani kwa kazi ya ukarabati iliyofadhiliwa na Oman, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara wa saa ulianguka, na watu wawili wakafa. Jengo lililostahimili manowari lilishindwa na maji yaliyoingia taratibu, masika hadi masika.

Kusini zaidi, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zina hadithi yenye mkondo mwingine. Magofu hayo yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakaingizwa pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: bahari ilikuwa ikila ufukwe, na mizizi ikipasua kuta. Kazi iliyofuata haikuwa ya ajabu. Vichaka vilikatwa, vikaota, vikakatwa tena. Nyufa zilijazwa chokaa. Ufukwe uliwekewa kinga, na mikoko ikapandwa mbele ya kuta, jamii ileile ya miti ambayo zamani ilikatwa ili kuezeka nyumba hizo. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa kwenye orodha ya hatari. Vichaka, kwa upande wake, huchipua kila baada ya masika, na panga hunolewa upya.