Angahewa iliyo juu ya Nairobi si ile ya vitabuni

Mwanafunzi anayeshuka kwenye matatu pale Dagoretti Corner, katika barabara ya Ngong, yumkini hajui kwamba yu karibu na mahali ambapo angahewa ya Kenya hupimwa tangu ardhini hadi kilomita 30 na zaidi. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, na kutoka hapo hurushwa maputo makubwa yaliyojazwa gesi nyepesi. Kila puto hubeba kisanduku chenye vipimo vya joto, unyevu na kanieneo ya hewa, pamoja na redio ndogo inayotuma takwimu ardhini kadiri puto linavyopaa. Saa za kurusha maputo ya namna hii zimeafikiwa ulimwenguni kote. Kwa saa za Kenya ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri.

Makala haya yanaifuata safari ya puto hilo kwa sababu moja. Mwanafunzi wa Nairobi hukariri takwimu za angahewa ya wastani, iliyopimwa usawa wa bahari na zaidi katika nchi za baridi, kisha huziandika katika mtihani kana kwamba ndizo zilizoko juu ya paa la darasa lake. Takwimu hizo si za uongo. Ila baadhi yake hazimhusu.

Tuanze na neno lenyewe. Hewa ni ile tunayoivuta puani. Anga ni uwazi tuuonao juu yetu. Angahewa ni blanketi zima la gesi linaloizunguka dunia na kushikiliwa na mvutano wake. Maneno haya matatu huchanganywa kila siku, hata magazetini, na kalamu nyekundu ya mhariri haipumziki.

Ukiondoa mvuke, asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni na karibu asilimia 21 ni oksijeni. Argoni, gesi isiyojishughulisha na yeyote, huchukua asilimia 0.93. Nitrojeni huingia mapafuni na kutoka bila kutufaa moja kwa moja; tunaipata kupitia chakula, na bakteria waishio katika mizizi ya maharagwe na kunde ni miongoni mwa wachache wajuao kuinasa kutoka hewani. Hewa ya ukaa ni kidogo mno, lakini ndiyo inayozua mijadala mikubwa. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita sehemu 420. Kenya ina kituo chake cha kuchunguza gesi za aina hii katika Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kilichoanzishwa mwaka wa 1999. Nao mvuke hauna kiwango maalumu: waweza kuwa karibu sufuri jangwani na kufikia asilimia 4 penye joto na unyevu mwingi.

Hapa kuna kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya, na watangazaji wa riadha vilevile. Husemwa kwamba Iten, mita 2,400 hivi juu ya bahari, kuna asilimia ndogo ya oksijeni. Sivyo. Asilimia ni ile ile 21 ya Mombasa, ya Nairobi na hata ya kilele cha Batian. Kinachopungua ni hewa yenyewe. Kanieneo ya hewa baharini ni milibaa 1,013 kwa wastani. Dagoretti, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ni milibaa 820 hivi. Kwa maneno mengine, mkazi wa Kawangware huvuta takriban hewa nne pale ambapo ndugu yake wa Likoni huvuta tano. Jikoni tofauti hiyo huonekana bila kipimo chochote: maji ya Nairobi huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na ndiyo maana githeri hukawia kuiva kuliko pwani, kuni na sufuria zikiwa zile zile. Kwenye kilele cha Batian, mita 5,199, karibu nusu ya angahewa yote imekwisha kubaki chini ya miguu ya mpandaji.

Puto letu sasa limeondoka ardhini. Tabaka la kwanza ni troposfia, na ndani yake joto hupungua kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kwa kila kilomita moja. Sababu ni kwamba jua huipasha ardhi kwanza, nayo ardhi ndiyo huipasha hewa. Kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo unavyojitenga na jiko. Jambo hili liliwahi kuzua ubishi mkubwa. Mmishenari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka wa 1848, na mwenzake Ludwig Krapf akaiona ya Mlima Kenya mwaka uliofuata. Wataalamu wa jiografia huko London, William Cooley akiwa mstari wa mbele, hawakukubali kwamba barafu inaweza kukaa karibu na Ikweta. Waakamba waliompokea Krapf hawakuwa na shaka hiyo. Walikuwa wakiutazama mlima wenyewe.

Vitabu vingi hueleza kwamba troposfia hukoma kilomita 11 au 12 juu. Hapo ndipo mwanafunzi wa Nairobi anapopaswa kuinua mkono. Kwenye ncha za dunia tabaka hili hukoma kilomita 8 hivi. Ulaya ni kilomita 11 au 12. Lakini hapa kwetu Ikweta, ambako jua kali huisukuma hewa juu kwa nguvu, hufika kilomita 16 au 17. Na kwa kuwa joto huendelea kupungua njia yote hiyo ndefu, mwisho wa troposfia juu ya Nairobi una baridi kali kuliko juu ya Ulaya: karibu nyuzijoto 80 chini ya sufuri, dhidi ya 55 hivi kule. Juu ya nchi yenye joto ndiko kwenye baridi zaidi. Sijui swali jingine la Jiografia linaloweza kumwamsha mwanafunzi aliyesinzia baada ya chakula cha mchana kuliko hili.

Ili kupata picha ya umbali huo, ilaze angahewa kando ya barabara ya kwenda Naivasha. Ukitoka katikati ya jiji kwa Waiyaki Way, ukapita Westlands, Kangemi na Uthiru, troposfia itakuwa imekwisha kabla hujafika Kikuyu. Katika kipande hicho kifupi mna mawingu karibu yote, mvua zote, na takriban robo tatu au zaidi ya uzito wote wa angahewa. Tabaka la pili litakwisha ukiwa umepita Limuru, ukielekea ukingo wa Bonde la Ufa. La tatu litakwisha karibu na Naivasha. Safari ya saa mbili, kama hakuna msongamano.

Kabla ya kuiacha troposfia, tusimame kidogo juu ya Nairobi ya mwezi wa Julai. Asubuhi nyingi za majira hayo mpangilio wa joto hupinduka: hewa baridi hulala chini na yenye joto kiasi hukaa juu yake kama kifuniko. Hewa baridi ni nzito, haina sababu ya kupanda. Mawingu ya kijivu hukwama chini ya kifuniko hicho mpaka adhuhuri, na pamoja nayo moshi wa majiko ya Kangemi na Kawangware, wa takataka zinazochomwa, na wa magari yaliyopanga foleni barabara ya Ngong. Mtoto anayetembea kwenda shule saa kumi na mbili na nusu huvuta hewa iliyokosa pa kwenda. Moshi ni ule ule wa mwezi wa Machi. Kilichobadilika ni nafasi uliyopewa kutawanyika.

Ukikielewa kifuniko hicho umekwisha kulielewa tabaka la pili, stratosfia, kwa kuwa lenyewe ni kifuniko kimoja kikubwa kinachofunika dunia nzima. Humo joto huongezeka kadiri unavyopanda, hadi kukaribia sufuri kwenye kilomita 50. Wingu la radi la mwezi wa Aprili linapogonga sakafu ya stratosfia hushindwa kupenya, likatandazika kama fuawe. Kinacholeta joto hilo ni ozoni, gesi yenye atomu tatu za oksijeni, ambayo huinasa mionzi ya urujuanimno ya jua. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya maputo ya Nairobi yamekuwa yakibeba kipimo cha ozoni, kwa ushirikiano na Uswisi.

Ozoni ina historia yake jijini. Mkataba wa Vienna wa mwaka wa 1985 na Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyopiga vita kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, husimamiwa na sekretarieti iliyoko Gigiri, katika makao ya UNEP. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2023 ilikadiria kwamba, sera zikidumu, ozoni itarejea ilivyokuwa mwaka wa 1980 kufikia 2040 hivi katika sehemu kubwa ya dunia, na kufikia 2066 hivi juu ya Antaktika.

Lakini tusidanganyike kwamba, kwa kuwa tundu la ozoni liko Antaktika, Nairobi haina la kujali. Ozoni yote iliyo juu yetu, ingeshushwa ardhini na kugandamizwa, ingekuwa na unene wa milimita 2.6 hivi, pungufu ya wastani wa dunia wa milimita 3. Jua nalo hupita karibu utosini, na mwinuko wa jiji umetupunguzia hewa ya kutukinga. Mambo haya matatu hukutana juu ya ngozi ya mwanafunzi mwenye ualbino anayesimama gwarideni saa nne asubuhi. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua kwake ni kinga dhidi ya saratani, na ubaridi wa Nairobi haupunguzi hatari hiyo hata chembe.

Kwenye kilomita 30 na kitu puto hupasuka, na kisanduku hushuka kwa mwavuli mdogo. Yaliyo juu zaidi hupimwa kwa roketi na setilaiti. Mesosfia, hadi kilomita 85 hivi, ndiko vimondo vingi huungulia, na mwisho wake una baridi ya nyuzijoto 90 chini ya sufuri. Kisha ni themosfia, ambamo joto la chembe hupita nyuzijoto 1,000 ingawa chembe zenyewe ni chache kiasi kwamba zisingekupasha. Humo pia mna sehemu kubwa ya hewa iliyochajiwa umeme na jua. Wasomaji wa rika langu waliotega redio za masafa mafupi usiku walikuwa wakisikiliza mawimbi yaliyogonga hewa hiyo na kurudi chini.

Na hapa Kenya tena imo. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2, iliyokusudiwa kupima uzito wa hewa ya huko juu ya Ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, jukwaa hilo hilo lilirusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Kazi yake ilikuwa kuchunguza nyota kwa eksirei, kazi isiyowezekana ardhini kwa sababu angahewa huzizuia eksirei zisitufikie.

Uhuru ilizunguka zaidi ya kilomita 500 juu, kuelekea eksosfia, tabaka la mwisho ambamo haidrojeni na heli hutorokea angani kidogo kidogo. Hata huko hewa haikuwa imekwisha kabisa. Kwa miaka minane iliikwaruza setilaiti hiyo, ikaipunguzia mwendo, na mwaka wa 1979 Uhuru ikaanguka na kuungua.