Banda na Maji ya Matema

Wafinyanzi wa Kikisi wanaotoka Ikombe na mtumbwi uliojaa vyungu, wakienda kuviuza sokoni Lyulilo, hapa Matema, hupita katika maji ambayo kwa Kamuzu Banda yalikuwa Malawi mpaka ufukweni.

Mpaka huo ulichorwa Ulaya tarehe 1 Julai 1890, katika mkataba wa Heligoland. Wajerumani walipata nchi kavu hadi ukingo wa ziwa, maji yakabaki upande wa Waingereza. Mei 1967 Nyerere alitamka kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa. Banda akakataa.

Kinachonishangaza ni nani aliyekataa. Huyu ndiye daktari aliyerudi Nyasaland Julai 1958 baada ya miongo kadhaa ugenini, akafungwa 1959, akalipiga vita Shirikisho la walowezi la Rhodesia na Nyasaland hadi likavunjika. Shirikisho la mkoloni halikumfaa, ila mstari wa mkoloni ulimfaa sana. Na si kila mahali: mwaka 1968 alidai hata nchi kavu kaskazini ya mto Songwe, yaani Kyela yenyewe.

Ugomvi haukuwa wa maji peke yake. Banda alikuwa mtu wa mrengo wa kulia hasa. Mwaka 1967 alifungua uhusiano wa kibalozi na Makaburu, akakopa kwao fedha za kujengea Lilongwe. Mwaka 1971 akawa rais wa maisha. Wanawake walikatazwa suruali. Mawaziri waliogombana naye mwaka 1964 walitawanyika, na baadhi yao wakapokelewa Tanzania. Kanyama Chiume, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje, aliishi Dar es Salaam na kuandika riwaya kwa Kiswahili, *Dunia Ngumu* mojawapo. (Banda mwenyewe alihutubia Wamalawi kwa Kiingereza, pembeni yupo mkalimani.)

Lakini upande wetu nao una deni. Cairo, Julai 1964, ni Nyerere aliyewasilisha azimio la OAU kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe, na Malawi huliegemea hilo. Hoja yetu, naona, isimame juu ya desturi ya kugawana maziwa katikati, na juu ya wavuvi ambao hawajawahi kuishi bila maji haya.

Banda alishindwa uchaguzi wa 1994, akafa 1997. Mstari wake haukufa naye. Mwaka 2012 mgogoro ulipanda tena kwa sababu ya leseni za kutafuta mafuta ziwani, akaitwa Joaquim Chissano kusuluhisha. Ramani za Tanzania bado zinapitisha mpaka katikati ya ziwa, na za Malawi kwenye mchanga wa Matema.