The Supremes: maisha ya wanachama baada ya umaarufu

The Supremes lilikuwa kundi la waimbaji wa kike wa Marekani lililoanzishwa mjini Detroit, jimbo la Michigan, mwaka 1959 na kuvunjwa mwaka 1977. Kati ya 1964 na 1969 lilifikisha nyimbo 12 kwenye nafasi ya kwanza ya chati ya Marekani, na hakuna kundi jingine la wasichana wa nchi hiyo lililowahi kufika hapo. Katika miaka 18 walipita humo waimbaji 10. Watatu kati yao, Florence Ballard, Mary Wilson na Diana Ross, ndio waliolijengea jina, na maisha yao baada ya kundi yalitofautiana mno: mmoja alitumbukia katika ufukara na kufa akiwa kijana, wa pili alitumia zaidi ya miaka 40 kulinda kumbukumbu ya kundi, na wa tatu akawa miongoni mwa nyota wakubwa wa karne ya 20.

Chimbuko

Wasichana wanne wa mtaa wa nyumba za serikali wa Brewster-Douglass waliunganishwa kwa jina la The Primettes, wawe dada wa kundi la wavulana lililoitwa The Primes. Aliyeombwa kulikusanya kundi alikuwa Ballard. Walipotia saini na kampuni ya Motown Januari 1961 walitakiwa kubadili jina, na ni Ballard aliyechagua The Supremes. Mwanzoni nyimbo zao hazikushika. Mambo yaligeuka mwaka 1964, wimbo "Where Did Our Love Go" wa watunzi Holland, Dozier na Holland ulipofika kileleni. Zikafuata nyimbo nyingine nne mfululizo zilizoshika nafasi ya kwanza.

Motown iliwafunza kuimba, kucheza, kutembea, kuketi na kuzungumza na waandishi wa habari. Waliingia katika kumbi za fahari na vipindi vikubwa vya televisheni ambavyo wasanii weusi wachache walikuwa wamevifikia. Mwaka 1966 albamu yao "The Supremes A' Go-Go" ikawa ya kwanza ya kundi la wanawake watupu kushika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya Marekani.

Kuvunjika kwa utatu

Mwanzoni Ballard, Wilson na Ross walipokezana kuongoza nyimbo. Mwishoni mwa 1963 mwenye kampuni, Berry Gordy, aliamua kwamba Ross ndiye awe mwimbaji kiongozi wa kudumu, na wenzake wakabaki kuitikia. Mwaka 1967 jina lilibadilishwa kuwa Diana Ross & the Supremes. Julai mwaka huohuo, katika hoteli ya Flamingo mjini Las Vegas, Ballard aliondolewa kundini na nafasi yake ikachukuliwa na Cindy Birdsong.

Ross naye aliaga jukwaani katika hoteli ya Frontier, Las Vegas, tarehe 14 Januari 1970. Wimbo wa mwisho wa kundi kufika kileleni, "Someday We'll Be Together", ulitolewa kwa jina la kundi, ingawa Wilson na Birdsong hawakuuimba. Walioitikia walikuwa waimbaji wa kukodiwa studio.

Florence Ballard

Ballard alizaliwa Detroit tarehe 30 Juni 1943. Alikuwa na sauti nzito, yenye nguvu, iliyolelewa kanisani, na wengi waliomsikia tangu mwanzo waliiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote tatu. Mwaka 1960, kabla ya umaarufu, alibakwa. Wilson, aliyeyaeleza hayo baadaye kitabuni, aliamini kwamba jeraha hilo lilimfuata rafiki yake maisha yote. Kadiri nafasi yake katika nyimbo ilivyopungua, ndivyo ulevi na huzuni vilivyozidi.

Februari 1968 aliachana rasmi na Motown na kupokea malipo ya mara moja ya takribani dola 140,000. Kwa mtu aliyeanzisha kundi na kulipa jina, kiasi hicho kilikuwa kidogo kwa namna isiyoelezeka. Kibaya zaidi kilikuwa sharti lililoambatana nacho: hakuruhusiwa kujitangaza kuwa aliwahi kuwa mwanachama wa The Supremes. Mwezi huohuo aliolewa na Thomas Chapman, aliyekuwa dereva wa Motown, ambaye akawa meneja wake.

Alijiunga na kampuni ya ABC na kutoa nyimbo mbili mwaka 1968. Hazikuingia kwenye chati, na albamu aliyokwisha kuirekodi ikawekwa kabatini. Msanii asiyeweza kutaja alikotoka alitazamwa na watangazaji kama mgeni katika fani. Robo karne hivi baada ya kifo chake ndipo rekodi hizo zilipotolewa hadharani.

Alipata mabinti watatu, wawili wa kwanza wakiwa mapacha. Alitengana na wakili aliyekuwa akisimamia fedha zake, akaishiwa, na mwaka 1971 akaishtaki Motown akidai dola milioni 8.7. Mahakama iliitupa kesi kwa sababu alikuwa amesaini hati ya kuachilia madai yake. Nyumba yake ilichukuliwa kwa deni, ndoa ikayumba, na mwanamke aliyewahi kuimba mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni akaishi kwa posho ya ustawi wa jamii katika mji uleule aliokulia.

Mwaka 1975 mambo yalianza kutengemaa. Alilipwa fidia ya bima, akanunua nyumba, akarudiana na mumewe. Juni mwaka huo alipanda jukwaani katika ukumbi wa Ford, Detroit, katika onyesho la kumchangia Joan Little, mwanamke mweusi aliyeshtakiwa kwa kumuua askari jela, na akapokewa kwa shangwe. Miezi minane baadaye, tarehe 22 Februari 1976, damu iliyoganda katika mshipa wa moyo ilimuua akiwa na umri wa miaka 32.

Mazishi yalifanyika katika kanisa la New Bethel Baptist, lililokuwa chini ya mchungaji C. L. Franklin, baba wa Aretha Franklin. Maelfu walijazana nje. Ross na Wilson walihudhuria, na wanakundi wa The Four Tops walibeba jeneza.

Diana Ross

Ross, aliyezaliwa tarehe 26 Machi 1944, aliondoka kundini akiwa ameandaliwa barabara. Mwaka uleule wa 1970 wimbo wake "Ain't No Mountain High Enough" ulifika kileleni, wa kwanza kati ya sita alizozifikisha huko nje ya kundi. Motown ilimwingiza pia katika filamu. Katika "Lady Sings the Blues" (1972) aliigiza maisha ya mwimbaji Billie Holiday na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, iliyochukuliwa na Liza Minnelli. Zilifuata "Mahogany" (1975) na "The Wiz" (1978), aliyoigiza pamoja na Michael Jackson.

Mwaka 1981, baada ya kuimba "Endless Love" na Lionel Richie, wimbo uliokaa kileleni wiki tisa, alihamia kampuni ya RCA kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 20, mkubwa kuliko wowote wa muziki hadi wakati huo. Julai 1983 aliimba bila kiingilio katika bustani ya Central Park, New York. Dhoruba ilikatisha onyesho, naye alibaki jukwaani akiuhimiza umati utoke taratibu, kisha akarudi kesho yake kumalizia. Bustani hiyo ina uwanja wa watoto wenye jina lake. Alirejea Motown mwaka 1989.

Wapenzi wa soka wanamkumbuka kwa ufunguzi wa Kombe la Dunia mjini Chicago, tarehe 17 Juni 1994. Ilipangwa apige penalti na goli lipasuke katikati kwa nguvu ya shuti lake. Mpira ulipita pembeni, goli likapasuka vilevile, naye akaendelea kuimba.

Ana watoto watano, akiwemo mwigizaji Tracee Ellis Ross. Mume wake wa pili, tajiri na mpanda milima wa Norway Arne Næss, ambaye walikuwa wameshaachana, alifariki mwaka 2004 katika ajali ya kupanda mlima nchini Afrika Kusini. Ross alipokea heshima ya Kennedy Center mwaka 2007 na Nishani ya Rais ya Uhuru mwaka 2016. Albamu yake "Thank You" ilitoka 2021, na Juni 2022 alifunga tamasha la Jubilei ya Malkia Elizabeth II jijini London.

Mary Wilson

Wilson, mzaliwa wa Greenville, Mississippi (6 Machi 1944), ndiye pekee aliyekuwamo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Onyesho la kuaga lilifanyika katika ukumbi wa Drury Lane, London, tarehe 12 Juni 1977. Albamu aliyotoa peke yake mwaka 1979 haikufanya vizuri, na Motown ikamwacha.

Kitabu chake "Dreamgirl: My Life as a Supreme" (1986) kiliuzwa sana na ndicho kilichowafikishia wasomaji kisa cha Ballard kwa undani. Cha pili kilifuata 1990. Januari 1994 alipata ajali ya gari iliyomuua mwanawe wa miaka 14, lakini hakuacha jukwaa. Alirudi darasani na kuhitimu katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 2001. Magauni ya kundi aliyokuwa ameyatunza yalionyeshwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, mwaka 2008.

Alifariki nyumbani kwake Henderson, Nevada, tarehe 8 Februari 2021, akiwa na miaka 76. Siku mbili kabla alikuwa amewatangazia mashabiki kwa video kwamba rekodi zake za zamani zitatolewa upya.

Cindy Birdsong

Alitoka katika kundi la Patti LaBelle. Desemba 1969 alitekwa nyara kwa kisu nyumbani kwake Hollywood na kujiokoa kwa kuruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Aliacha kundi 1972, akarudi 1973, akaondoka tena 1976. Baadaye alifanya kazi ya uuguzi, kisha akawa mhubiri.

Wanachama wengine

Betty McGlown aliondoka 1960 ili aolewe. Barbara Martin aliyemrithi aliondoka 1962. Jean Terrell, dada wa bondia Ernie Terrell aliyepigana na Muhammad Ali mwaka 1967, alishika nafasi ya Ross hadi 1973 na kuongoza wimbo "Stoned Love". Lynda Laurence alitokea kwa waitikiaji wa Stevie Wonder. Scherrie Payne ni dada wa mwimbaji Freda Payne. Susaye Greene alitunga pamoja na Stevie Wonder "I Can't Help It", uliomo katika albamu ya Michael Jackson ya 1979, "Off the Wall".

Suala la jina

Jina la kundi lilishikiliwa na Motown, na wanachama waliotaka kulitumia waliingia katika mivutano ya miaka mingi. Terrell, Payne na Laurence waliimba kwa jina la Former Ladies of the Supremes. Wakati huohuo yalizuka makundi yasiyo na mwanachama hata mmoja wa asili. Wilson aliongoza kampeni ya sheria za kuzuia udanganyifu huo, na majimbo mengi ya Marekani yalizipitisha.

Majaribio ya kuungana tena

Ross, Wilson na Birdsong walisimama pamoja Machi 1983 katika sherehe ya miaka 25 ya Motown mjini Pasadena, na mvutano wa Ross na Wilson ukaonekana jukwaani. Mwaka 1988 kundi liliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Ross hakufika, na binti wa Ballard alipokea kwa niaba ya mama yake. Ziara ya mwaka 2000 ilimhusisha Ross, Payne na Laurence baada ya Wilson kukataa malipo aliyoahidiwa, yaliyokuwa madogo sana kuliko ya Ross. Ilivunjika njiani kwa ukosefu wa watazamaji.

Umuhimu

Tamthilia "Dreamgirls" (1981) na filamu yake ya 2006 zina visa vinavyofanana na vya kundi hili. Jennifer Hudson, aliyeigiza mhusika anayefanana na Ballard, alishinda Oscar, na alipopokea tuzo ya Golden Globe alimtaja Ballard kwa heshima.

Mwaka 2023 The Supremes walipewa tuzo ya Grammy ya mafanikio ya maisha. Ilitolewa kwa Florence Ballard, Mary Wilson na Diana Ross kwa usawa, jambo lililostahili kufanyika wote watatu wakiwa hai.